Machicha ya Bia: Je, Kitu Hubeba Hukumu ya Kilikotoka?

Machicha ya bia ni maganda ya shayiri yanayobaki kwenye chujio la kiwanda baada ya kimea kulowekwa katika maji ya moto na utamu wake kukamuliwa. Katika mabaki yote ya kiwanda cha bia, machicha peke yake ni takriban asilimia 85. Kila lita 100 za bia huacha kilo 20 hivi za machicha mabichi, na kwa dunia nzima hesabu hiyo hukadiriwa kufika tani milioni 39 kwa mwaka. Mnunuzi wake wa siku zote ni mfugaji. Nairobi na Dar es Salaam, kama Munich au Dublin, machicha hupakiwa yangali na mvuke na kupelekwa kwa ng'ombe wa maziwa na nguruwe. Miaka ya karibuni wanakemia wameingia kwenye foleni na kujaribu kumtangulia ng'ombe. Wanachokitaka ni antioksidanti, yaani viambato vinavyozuia mafuta, vyakula na vipodozi visiharibiwe na oksijeni ya hewani.

Hapo ndipo linapozuka swali la dini, na nyuma yake swali la falsafa. Mtu ambaye imani yake imemkataza pombe anaweza kula kirutubisho, au kujipaka krimu, ambayo kiambato chake kilitoka katika kiwanda cha bia? Na je, ubaya wa mahali huambukiza kitu kilichopita hapo, au kitu huhukumiwa kwa jinsi kilivyo? Wanaojibu kwa haraka, kwa ndiyo au kwa hapana, mara nyingi huwa hawajauliza bia hupikwaje. Jibu linategemea sana mpangilio wa kazi ndani ya kiwanda.

Shayiri huloweshwa, huachwa ichipue kwa siku chache, kisha hukaushwa kwa joto. Hapo huitwa kimea. Kimea husagwa chengachenga na kumwagiwa maji ya moto wa nyuzi 60 hadi 75 hivi, na vimeng'enya vilivyozaliwa wakati wa kuchipua hugeuza wanga kuwa sukari. Uji huo huchujwa. Maji matamu hushuka chini, maganda hubaki juu ya chujio na kutolewa. Maji yale matamu huchemshwa pamoja na maua ya hopi, hupozwa, na baada ya hayo yote ndipo hutiwa hamira. Hamira ndiyo inayokula sukari na kutoa kileo. Kwa hiyo machicha ya kiwandani huwa yamekwisha kuondoka kabla kileo hakijazaliwa. Kilichomo ndani yake ni maji, sukari kidogo na ladha ya nafaka iliyopikwa, sawa na kilichomo katika sufuria ya togwa siku ya kwanza. Bia na machicha ni ndugu waliotengana mapema, na ni mmoja tu kati yao aliyeingia ulevini.

Mabaki mengine ya kiwanda hayako hivyo. Mashapo ya hopi hutoka baada ya kuchemsha, yaani nayo hutangulia hamira. Hamira ya ziada, kinyume chake, hukusanywa chini ya tangi baada ya uchachushaji ikiwa imelowa bia. Hiyo ndiyo inayokaushwa na kufanywa vidonge vya vitamini za kundi B au vikolezo vya supu. Anayetoa hukumu moja kwa mabaki yote matatu amechanganya vitu visivyolingana.

Kinachotafutwa ndani ya machicha kimejificha kwenye ukuta wa seli za ganda. Machicha yakikaushwa, sehemu kubwa ni nyuzinyuzi za aina ya selulosi na hemiselulosi, protini ni kama sehemu moja ya tano, na kuna lignini, ile inayofanya mti kuwa mgumu. Juu ya minyororo ya hemiselulosi hushikamana asidi mbili ndogo, feruliki na kumariki, zikiwa zimefungwa kwa vifungo vya esta. Kazi yake katika mmea ni kushikiza ukuta na kuukinga. Asidi feruliki ina pete ya kaboni yenye kundi la haidroksili; ikikutana na radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza, huipa atomu moja ya haidrojeni, na elektroni inayobaki pweke husambaa kwenye pete nzima badala ya kwenda kuharibu molekuli nyingine. Mnyororo wa uharibifu hukatika hapo. Ndiyo maana mafuta yaliyotiwa kiambato cha namna hii huchelewa kuchacha.

Asidi hiyo haikugunduliwa katika shayiri. Mwaka 1866 wanakemia Hlasiwetz na Barth waliitenga kutoka utomvu wa mmea wa Ferula foetida, ambao watu wa Pwani wanaujua vizuri kwa harufu yake: mvuje. Utomvu ule ule ambao bibi wa Lamu au Unguja humfungia mtoto mchanga ili kumkinga na jicho baya ndio uliowapa wanakemia wa Ulaya molekuli hii na jina lake. Leo inayouzwa kibiashara hutolewa kwa wingi katika pumba za mpunga. Jambo hili litakuwa na uzito mbele, litakapofika swali la kama molekuli ina kumbukumbu.

Kuitoa katika machicha si kazi nyepesi. Kilo moja ya machicha makavu hutoa asidi feruliki ya gramu mbili hivi, pengine zaidi kidogo kutegemea aina ya shayiri na jinsi kimea kilivyokaushwa. Na machicha mabichi robo tatu yake au zaidi ni maji. Tena huharibika upesi. Yakiachwa siku mbili tatu kwenye joto huchacha na kuota ukungu, hivyo ni lazima yakaushwe au yatumiwe papo hapo. Njia ya kale zaidi ni soda kali: hukata vifungo vya esta, kisha mchanganyiko hutiwa asidi ili kuondoa ukali wa soda. Njia ya pili ni vimeng'enya, hasa vile vinavyotolewa na kuvu kama Aspergillus niger, vinavyofungua vifungo hivyo bila ukali wa soda. Njia ya tatu ni viyeyushi: asetoni na maji, au ethanoli na maji, wakati mwingine kwa msaada wa mawimbi ya maikrowevu. Viyeyushi hutoa zaidi asidi zilizo huru. Zile zilizofungwa hudai alkali au vimeng'enya.

Tukirudi kwenye swali la dini, katika fiqhi ya Kiislamu, yaani elimu ya sheria zake, maswali mawili hutenganishwa, na kuyachanganya ndiko kunakozaa mabishano mengi misikitini na mitandaoni. La kwanza ni uharamu: je, inajuzu kula kitu fulani? La pili ni unajisi: je, kikigusa mwili, nguo au chombo hukichafua kwa ajili ya swala? Kitu kinaweza kuwa haramu bila kuwa najisi. Sumu na bangi mara nyingi hutolewa mfano wa hayo. Kuhusu kileo, aya ya 90 ya Sura ya Al-Maida inakiita uchafu na kuamuru kiepukwe. Madhehebu manne ya Sunni kwa jumla yamelichukua neno hilo kwa maana ya najisi ya kushikika. Lakini tangu karne za mwanzo walikuwapo waliosema uchafu ule ni wa maana, si wa mwili: Rabia, mwalimu wa Imamu Malik, Layth bin Saad wa Misri, na Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii mwenyewe.

Bia ya nafaka nayo si jambo jipya kwa sheria hii. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba Abu Musa al-Ashari, alipotumwa Yemeni, aliuliza kuhusu vinywaji vya huko, kimoja cha asali na kingine cha shayiri, na Mtume (S.A.W.) akajibu kwa kanuni ya jumla kwamba kila kinacholevya ni haramu. Wanachuoni wa Kihanafi wa zamani walitofautisha mvinyo wa zabibu na vinywaji vya nafaka katika baadhi ya hukumu. Washafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, hawakutofautisha. Kwa wote, hata hivyo, katazo la vinywaji vya nafaka linafuata ulevi. Shayiri, kimea na maji matamu ya kimea havikuingia.

Hukumu ya machicha ya kiwandani basi ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Nafaka ni tohara. Kulowekwa kwake katika maji ya moto hakuigeuzi. Kama imetolewa kabla ya hamira, haijakutana na kileo, na msingi wa kisheria kwamba vitu asili yake ni tohara mpaka idhihirike kinyume unabaki pale pale. Nia ya mwenye kiwanda ya kutengeneza bia kwa maji yaliyochujwa haiwezi kurudi nyuma na kuyanajisi maganda. Inashangaza kuona jinsi watetezi wa bidhaa hizi wanavyokimbilia hoja ya istihala, yaani kwamba najisi imegeuka kitu kingine, wakati hapakuwa na najisi ya kugeuka. Hoja hiyo huwadhuru, kwa sababu inakubali shutuma kabla haijathibitishwa.

Istihala inahitajika mahali pengine: kwenye pombe za kienyeji. Katika busaa na pombe nyingine nyingi za mtama, mahindi au ulezi, nafaka huchachuka ikiwa ndani ya pombe na machicha huchujwa mwishoni, pengine saa chache kabla ya kunywewa. Machicha ya namna hii yamelowa kileo hadi ndani. Vitabu vya Kihanafi vina kesi inayofanana nayo kwa karibu mno: ngano iliyopikwa kwa mvinyo. Abu Hanifa aliona haitoharishiki tena. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alisema ipikwe kwa maji safi mara tatu, ikikaushwa kila mara. Mtu anaweza kucheka kuona mafakihi wa karne ya 8 wakibishana juu ya sufuria ya ngano, ila mwanakemia anayeosha sampuli yake mara tatu na kuikausha kila mara atatambua akili iliyo nyuma ya hukumu ile.

Kwa Washafii mlango wa istihala ni mwembamba. Mvinyo ukigeuka siki wenyewe huwa tohara; ukigeuzwa kwa kutiwa kitu, hapana. Ngozi ya mnyama aliyekufa hutoharika kwa kudabighiwa, kwa msingi wa hadithi ya mbuzi wa Maimuna, mke wa Mtume, ambapo Mtume alipita, akauliza kwa nini ngozi haikutumiwa, na alipoambiwa kwamba mnyama ni mzoga akabainisha kwamba kilichokatazwa ni kumla. Wahanafi na Wamaliki wamefungua zaidi, na wanachuoni Ibn Hazm na Ibn Taymiyya vilevile: kitu kikibadilika dhati, jina na sifa zake, hukumu ya zamani huondoka. Kongamano la fiqhi na tiba lililofanyika Kuwait mwaka 1995 lilifuata mkondo huo mpana, likasema pia kwamba alkoholi yenyewe si najisi ya kushikika. Asidi feruliki iliyotengwa na kusafishwa hadi kuwa unga mweupe, bila rangi, ladha wala harufu ya pombe, kwa mtazamo huu ni kitu kipya hata kama ilitoka kwenye machicha ya busaa. Kwa Mshafii mkali hilo halitoshi. Lakini hata yeye hana tatizo na ng'ombe: kumlisha mnyama kilichonajisika kunaruhusiwa, na maziwa hubaki halali, ila huwa makuruhu, yaani yasiyopendeza bila kuwa haramu, ikiwa harufu ya najisi imeyaingia.

Penye utata wa kweli ni pengine kabisa, na wachache hupaangalia. Maganda yaliyotoka kiwandani bila tone la kileo huweza kukutana nacho kwa mara ya kwanza katika maabara, pale ethanoli inapotumika kuwa kiyeyushi. Mtu aliyekikimbia kiwanda cha bia kwa hofu ya kileo anaweza kukikuta kwenye dondoo la mpunga, la chai au la ukwaju lililoandaliwa kwa njia hiyo hiyo, bila kujua. Ethanoli hiyo huvukizwa, na kinachobaki huwa kidogo sana au hakuna. Wapo wanachuoni wanaosema kiyeyushi kisichotengenezwa kwa kunywewa hakina hukumu ya mvinyo, wapo wanaokataa. Njia ya soda au ya vimeng'enya huepuka mjadala wote, na kiwanda kinacholenga soko la Waislamu kina kila sababu ya kuichagua.

Linabaki suala la biashara. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inataja watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya mvinyo, tangu mkamuaji na mbebaji hadi muuzaji na mla thamani yake. Anayenunua machicha hayumo katika idadi hiyo: haagizi bia, hainunui wala haibebi. Hata hivyo fedha yake huingia katika mfuko wa mwenye kiwanda na kupunguza gharama ya kutengeneza pombe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka mgawanyo unaofaa hapa. Katika kitabu cha halali na haramu ndani ya mkusanyo wake uitwao Ihya, alitenganisha kilicho haramu kwa sifa iliyo ndani yake na kilicho haramu kwa kasoro ya jinsi kilivyopatikana. Machicha hayana kasoro ya kwanza. Kwa ya pili, ununuzi wa kitu halali kutoka kwa mtu ambaye mali yake imechanganyika na haramu, wengi huuhesabu makuruhu na si haramu. Mwenye kutaka kujiepusha kwa uchaji anayo nafasi. Kumlazimisha jirani yake ajiepushe ni jambo jingine, na Ghazali mwenyewe aliwaonya wale ambao uchaji wao umegeuka wasiwasi.

Wakristo nao wana kesi ya karibu. Wasabato na makanisa mengi ya Kipentekoste huzuia pombe kabisa, ingawa Wakatoliki na Waanglikana hawafanyi hivyo. Korintho ya karne ya kwanza haikubishana juu ya maganda ya shayiri. Ilibishana juu ya nyama iliyouzwa sokoni baada ya kutolewa kwa miungu. Jibu la Paulo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10, lina pande mbili. Nyama yenyewe haikupata kitu kutoka kwa sanamu, na anayenunua sokoni hana haja ya kuchunguza ilikopita. Lakini akiwapo mtu ambaye dhamiri yake itajeruhiwa, kula mbele yake ni kumkosea. Paulo aliiacha nyama ikiwa safi, akauhamishia uzito uhusiano baina ya watu. Ghazali na Paulo hawakutumia lugha moja wala sheria moja, ila wote wawili walikataa kukiacha kitu kiadhibiwe kwa makosa ya wanaokizunguka.

Falsafa ya kemia inaipa nguvu kauli hiyo. Molekuli ya asidi feruliki ni kaboni kumi, haidrojeni kumi na oksijeni nne, zimepangwa kwa namna moja tu. Iliyotoka kwenye mvuje, kwenye pumba za mpunga na kwenye machicha ya bia haitofautiani katika tendo lolote ndani ya mwili. Kipimo cha isotopu za kaboni kinaweza kutofautisha mmea wa aina moja na wa nyingine, kwa mfano mahindi na shayiri, lakini hakiwezi kusema kama shayiri ile ilipita kiwandani au kwenye jiko la uji. Hivyo asili haimo ndani ya kitu. Imo katika historia inayokumbukwa na watu, katika mikataba yao na ankara zao. Hilo halifanyi historia kuwa bure. Mali ya wizi nayo haina alama ya wizi ndani yake, na bado ni haramu. Tofauti ni kwamba mali ya wizi ina mwenyewe anayedai haki yake. Machicha hayana mdai wa namna hiyo.

Isipokuwa, labda, ng'ombe. Hoja inayotangulizwa na watafiti ni kuzuia upotevu, na dini zote mbili zinaiunga mkono: Kurani inawaita wafujaji ndugu wa mashetani, na Torati inaamuru masazo ya shamba yaachiwe maskini na mgeni. Lakini penye wafugaji karibu, machicha hayatupwi hata kidogo. Ni lishe ya bei nafuu inayomwezesha mwenye ng'ombe wawili kupata maziwa. Kuyaita taka ni kumfuta mtu huyo kwenye hesabu. Kwa bahati njema antioksidanti ni sehemu ndogo sana ya machicha. Swali la haki ni kama kinachobaki baada ya kupitishwa kwenye soda kali bado kinafaa kuliwa na mnyama, na faida yake itakuwa ya nani. Antioksidanti zikitolewa kwa vimeng'enya, nafasi ya kuwafaa mfugaji na mwanakemia wote wawili ni kubwa zaidi.

Manufaa yenyewe nayo yasikuzwe. Katika chombo cha mafuta au mtungi wa krimu, asidi feruliki inafanya kazi inayopimika, na inaweza kushika nafasi ya viambato vya kutengenezwa kama BHA na BHT. Katika kidonge cha afya habari ni nyingine. Majaribio yaliyofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 1994, kwa wanaume wavutaji sigara wapatao 29,000, yalionyesha kwamba waliopewa beta karotini, antioksidanti iliyosifiwa sana, walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Na jaribio jingine la Marekani likasimamishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu inayofanana. Asidi feruliki si beta karotini, na matokeo hayo hayaihukumu moja kwa moja. Lakini anayesema maslahi ya tiba yanahalalisha shubuha, yaani jambo lenye shaka, hawezi kutegemea maslahi ambayo hayajathibitishwa.

Mnunuzi mwenye dini anayo haki ya kuuliza mambo matatu: machicha yalitenganishwa kabla ya hamira au baada yake, kiyeyushi kilikuwa kipi, na kiasi gani kimebaki. Mtengenezaji ana majibu yote hayo katika daftari lake la kazi. Chupa iliyoandikwa tu kwamba ina antioksidanti asilia haijajibu hata moja.